Moto wa Sonara Hautazamwi

Dada yangu alirudi nyumbani Gwata na sanduku la bati, mkeka ambao haujawahi kukaliwa, na kidani. Mumewe wa Kisarawe alikuwa amempa talaka. Sababu sikuambiwa, na nilipouliza nikaambiwa talaka haina sababu, ina siku tu. Hilo lilitosha kunikasirisha kwa mwaka mzima, lakini mwaka huo ulikuwa na makubwa zaidi.

Mimi nilikuwa nyumbani likizo, mwanafunzi wa chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu na, kwa maneno ya baba mdogo, wa mwisho, kwa kuwa aliyeona nilivyorudi na maswali hangempeleka mwingine.

Mama hakulia. Alifungua sanduku, akatoa kidani kwenye kitambaa chake chekundu, akakiweka kiganjani kama anayepima uzito wa yai. "Huyu," akasema, "ndiye mume asiyeandika talaka."

Kwetu dhahabu ndiyo kazi yake. Si urembo, ingawa inavaliwa. Mwanamke akiachwa, nyumba ni ya mume, mikorosho ni ya mume, watoto wana ukoo wao; dhahabu ni yake. Kwa hiyo shauri lilikuwa limekwisha kabla ya kuanza: dada akae eda, kidani kiuzwe, inunuliwe cherehani. Shule ya kijiji ilikuwa imejaa watoto na kila mtoto alihitaji sare. Dada alikuwa na mkono wa kushona tangu utoto. Na haraka ilikuwepo, kwa sababu baba mdogo, aliyekuwa akisimamia mambo yetu tangu baba afariki, alikwisha pata mchumba. Mfanyabiashara wa mkaa wa Mbwawa, mwenye wake wawili na jino moja la mbele.

"Atakula nini hapa?" baba mdogo alimwuliza mama. "Wewe mwenyewe unalima kwa mgongo mbovu. Eda ikiisha, mtu aolewe."

"Eda ikiisha, mtu atashona," alisema mama.

Usiku huo huo dada alinipa kidani. Yeye hakuweza kutoka kwa sababu ya eda, mimi ningeweza. "Nenda mjini ukauze," aliniambia. "Na usibishane na watu. Uza tu."

Dar es Salaam niliingia duka la kwanza la vito lililokuwa na kivuli. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikigeuza kidani, akakigeuza tena, akakichungulia kwenye kishikizo cha nyuma.

"Chapa iko wapi?"

"Chapa gani?"

"Alama ya aliyekifua, na kiwango cha dhahabu. Hukaa hapa nyuma. Hapa pamelala kama tumbo la samaki." Alichukua tupa, akakwaruza mahali pasipoonekana, akadondosha tindikali. Likatoka povu la kijani. Alilitazama kwa furaha ambayo sitaisahau. "Shaba, dada. Shaba iliyochovywa. Wakikupa sufuria bovu utanunua?"

"Huenda tindikali yako ndiyo mbovu."

Akachukua pete yake mwenyewe, akaifanyia vile vile. Hapakutoka povu. Nilijaribu kumchukia kwa kuwa sahihi, nikafaulu. Pete ile ilikuwa na chapa ndani yake, vijitarakimu kama mayai ya chawa, nikamwuliza, "Na hizi chapa zako, nani anazikagua?"

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Hakuna. Ukitaka nitakugongea moja hapa hapa kwenye shaba yako, ukamdanganye mwingine."

Nilitoka pale na vitu viwili vya kukasirikia. Kwamba kidani chetu hakikuwa na chapa, na kwamba hata kingekuwa nayo isingekuwa ahadi ya mtu yeyote.

Kidani kile nilikishuhudia kikizaliwa. Au tuseme nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, dada anakaribia kuolewa, na mama alitwaa bangili za dhahabu alizovishwa na mama mkwe wake siku ya harusi yake akazipeleka Kisarawe kwa sonara. Bibi yetu alikuwa na bangili nyingi. Siku hiyo ya harusi alizigawa, nusu kwa mama, nusu kwa binti yake mwenyewe, yaani shangazi yetu. Nusu ya mama ndiyo iliyoyeyushwa.

Tulikaa kwenye baraza ya sonara. Alikuwa mtu mpole, sauti ya asali, ndevu zilizochanwa. Alipuliza viriba vyake vya kuvuvia moto, makaa yakawa mekundu, akaziweka bangili kwenye kijichungu cha udongo, kisha akasema, "Haya mama, geukeni." Na mama akageuka. Alinigeuza na mimi, akanifunika uso kwa kanga yake, akaanza kusoma salawati. Nilisikia viriba. Nilisikia kikohozi. Nilisikia chuma kikigusana na chuma. Harufu ilikuwa ya kanga na jasho la mama.

Moto wa sonara hautazamwi. Kila mwanamke wa Kisarawe, na wa kwetu Gwata, na wa Mlandizi, alilijua hilo. Jicho la mwenye mali hukimbiza dhahabu. Ukiitazama ikiyeyuka inaona tamaa yako, inapungua, inageuka moshi. Basi wanawake waligeuka. Vizazi vya wanawake vimekaa kwenye baraza ile wakiutazama ukuta, wakisoma dua, huku nyuma ya migongo yao mtu mmoja yuko peke yake na mali zao.

Kutoka kwa mwenye duka sikwenda nyumbani. Nilipanda lori la Kisarawe, nikasimama katikati ya magunia, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Sonara alikuwa na wageni wawili wakicheza bao barazani.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kahawa ipo."

Nilikiweka kidani mbele yake. "Nimekuja kuuliza hiki ni nini."

"Kidani."

"Cha nini?"

"Cha shingoni." Wacheza bao walicheka. Mmoja alipiga paja.

"Cha madini gani? Mama yangu alikuletea bangili za dhahabu. Mjini wamekitia tindikali, kimetoka povu la kijani."

"Mjini!" Aliwageukia wenzake. "Mjini siku hizi hata maziwa ya mama wanayatia maji." Kisha akanigeukia kwa upole ule ule. "Mwanangu, nani alikwambia zile bangili zilikuwa dhahabu?"

"Bibi yangu," nilisema.

"Bibi yako aliambiwa na mumewe," aliendelea. "Mumewe aliambiwa na muuza duka wa Bagamoyo. Muuza duka aliambiwa na aliyemletea. Mama yako akaambiwa na bibi yako. Watu wote hao wameambiana, unakuja kunikamata mimi wa mwisho? Nilipokea kitu, nikarudisha kitu."

"Zilipoyeyuka hukuona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie mama wa watu, binti yake yuko wiki moja na harusi, bangili za mkweo ni za shaba? Mimi ni sonara, binti, si mfitini."

Ndivyo alivyofanya kazi yake mtu yule: alichukua adabu yetu, kitu chema kuliko vyote tulivyokuwa navyo, akajikinga nayo kama mwavuli. Na hakuwa amejibu kitu. Angeweza kuwa mwizi na angeweza kuwa mkweli, na hapakuwa na alama moja popote, si kwenye bangili zile zilizokwisha yeyuka, si kwenye kidani, ya kuonyesha uongo uliingilia mlango gani.

"Kwa nini mnawageuza watu?" niliuliza.

"Jicho hukimbiza dhahabu. Hata wazee wako wanajua."

"Inakimbilia wapi?"

Bao lilisimama. Sonara alikunywa kahawa yake. Mmoja wa wachezaji, bila kuinua macho, alisema, "Huko chuoni hawafundishi adabu?"

"Wanafundisha hesabu," nilisema. "Ndiyo maana nauliza."

Niliondoka bila kuaga. Lilikuwa kosa, Kisarawe nzima ilijua kabla ya jua kuzama kwamba binti wa Gwata hana malezi, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kujua jambo jingine.

Kesho yake nilikwenda Kibaha, ofisini kwa bwana vipimo. Mtu huyo alikuwa akizunguka na gari la serikali akipiga lakiri mizani za korosho, vibaba vya duka, madebe ya mafuta ya taa. Wakulima walimpenda. Mnunuzi aliyepunguza mizani kwa kidole alishikwa. Nilijiambia, hapa sasa ndipo penyewe.

Alinisikiliza vizuri. "Una risiti, ndugu?"

"Sonara hatoi risiti."

"Kuna alama kwenye kidani?"

"Hakuna. Ndiyo malalamiko yenyewe."

"Basi ndugu, wewe umekuja na neno tu." Aliegemea kiti. "Halafu nikwambie ukweli. Dhahabu ni anasa. Taifa linajenga vijiji, linachimba visima. Hatuwezi kupoteza mafuta ya gari kwa ajili ya mapambo ya mabwanyenye."

"Mama yangu ni mkulima wa muhogo."

"Basi alime muhogo." Akacheka, na ndani ya mdomo wake likamemetameta jino la dhahabu.

"Na hilo jino," nilimwuliza, "lina chapa?"

Nilitolewa nje na karani wake. Karani mwenyewe alikuwa anacheka, lakini alinitoa.

Nataka nilieleze jambo moja, kwa sababu marafiki zangu wa chuoni walinicheka kwa hili. Walisema ujamaa hauna haja ya kulinda vito. Mimi nasema kama kuna mali moja ambayo serikali ilipaswa kuilinda kwanza, ni ile. Korosho hutoka tena msimu ujao. Mwanamke wa kwetu hupewa dhahabu mara moja maishani, na huiuza siku ambayo hana kingine chochote. Kumdanganya siku ile ya kwanza ni kumwacha aishi miaka yote akiamini amelala juu ya godoro, kumbe ni hewa, na atalijua hilo siku anayoanguka tu.

Nyumbani nililisema lote mara moja, nikiwa bado nimesimama. Dada alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake iliendelea. Mama alikaa chini.

"Mama mkwe wangu hakunivisha shaba," alisema.

"Basi sonara ameiba."

"Na sonara hawezi. Alimfulia pete bibi yako. Alimfulia herini mama yangu mimi." Alikishika kidani, akakitazama, akakiweka. "Na kimevaliwa na mabibi harusi wangapi wa ukoo huu? Kila harusi wanakuja kukiazima. Kila harusi kinatajwa kwenye sinia la vito vya bibi harusi, dhahabu ya ukoo. Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli wako," alisema mama, "unauzwa shingapi?"

Lakini njia ya kuujua ukweli ilikuwepo, nayo ilikuwa mikononi mwa shangazi. Bangili zake zilikuwa nusu ya zile zile. Zikipimwa zikawa shaba, bibi alidanganywa zamani na sonara ni mtu safi. Zikiwa dhahabu, sonara ni mwizi. Na shangazi alikuwa anamwoza binti yake, na alikuwa amepanga kuzipeleka bangili zake Kisarawe kwa sonara yule yule.

Shangazi alikuja mwenyewe wiki ile kukiazima kidani. Alikuwa mwanamke mnene, mwuza samaki wa kukaanga stendi ya Mlandizi, mwenye sauti ya kusimamisha basi. Nilimwomba tuzipeleke bangili mjini zikapimwe. Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

"Nimpime mama yangu kwa tindikali? Yuko kaburini, wewe unataka nimwambie, mama, ulinipa nini?"

"Tunampima sonara, shangazi."

"Unapima bangili za nani? Za sonara?" Akajifunga kanga upya. "Mtoto huyu kasoma mpaka kapita shule, katokea upande wa pili."

Dada, ambaye kwa wiki zote zile hakuwa amesema zaidi ya maneno ya kuombea chumvi, aliinua kichwa. "Shangazi, eda yangu inaisha kabla hujaenda. Nichukue tukazifue pamoja."

"Njoo," alisema shangazi. "Wewe una adabu."

Twende wote, nilisema, na dada akanikataza kwa jicho. Niliruhusiwa kwa sharti nisifungue mdomo. Nimewahi kutimiza masharti machache maishani, hilo nililitimiza.

Sonara alitupokea vizuri sana, hata mimi. Alimwambia dada pole ya talaka. Alizichukua bangili za shangazi, akazisugua kwa kitambaa, akaziweka kwenye kijichungu. Akapuliza viriba. Makaa yakawa mekundu. "Haya mama, geukeni."

Shangazi akageuka kuelekea ukutani, akaanza salawati. Mimi nikageuka nusu, kwa ajili ya adabu.

Dada hakugeuka. Alikuwa amekaa kwenye kibao, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, akiutazama moto.

"Geuka, mama," alisema sonara.

"Mimi hapa panatosha."

"Jicho litakimbiza dhahabu."

"Si yangu. Jicho langu halina tamaa nayo."

"Binti, kila kazi ina miiko yake."

"Fua tu, baba. Mimi nakaa."

Shangazi alikatisha salawati. "Hebu geuka, usiniharibie mali yangu!"

"Shangazi," dada alisema bila kutoa macho kwenye makaa, "mimi hii mali ilishaniharibikia mama akiwa amegeuka. Leo nataka nione inavyoharibika."

Sonara alipuliza kidogo. Akaacha. Akarekebisha kijichungu. Alisubiri, na dada alisubiri. Nilimwona akitazama chini ya meza yake, kwenye kijiboksi chenye vipande vipande vya kitu cha manjano, kisha akamtazama dada, na dada naye alikuwa amekitazama kijiboksi kile kile. Mwishowe alichukua kibanio, akazitoa bangili kwenye kijichungu kabla hazijalegea, akaziweka juu ya jiwe.

"Leo moto haushiki," alisema. "Makaa mabichi. Njooni siku nyingine."

Makaa yalikuwa mekundu kama macho ya mlevi. Shangazi aliyatazama. Alimtazama sonara. Mwanamke aliyekaanga samaki maisha yake yote anajua moto unaposhika. Alisubiri bangili zipoe, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasimama. Barabarani akasema, "Lori la mjini linapita saa ngapi?"

Zilikuwa dhahabu. Yule wa miwani ya uzi alizitia tindikali na hapakutoka kitu. Shangazi alilia dukani, kwa sauti yake ile, mpaka watu wakaingia kuuliza nani kafa. Alikuwa amemwogopea mama yake aibu bure, kisha akamkumbuka wifi yake, mama yetu, aliyerudishiwa shaba.

Tulirudi kwa sonara tukiwa na jibu. Alitusikiliza kwa upole. Akasema bangili hizi si zile. Hazina alama, nani atathibitisha kwamba zilikuwa za seti moja? Hata tukija na shahidi, shahidi amewahi kuona nini, naye siku ile alikuwa amegeuka? Mwenyekiti wa kijiji tuliyemwendea alisema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi, kisha akatuasa tusivuruge umoja. Mambo yaliishia hapo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mlango ambao hatukuugonga, na sijauona.

Shangazi aliuza bangili moja kwa mwenye duka, akanunua cherehani. "Nusu yangu, nusu yako," alimwambia dada, "na nguo zote za harusi utashona bure." Mfanyabiashara wa mkaa aliambiwa atafute kwingine. Baba mdogo alisema tumepata bahati, tumshukuru Mungu na tusahau. Mimi namshukuru Mungu. Shangazi pia namshukuru. Lakini huruma ya shangazi si haki ya dada yangu, na watu wanaotaka nizichanganye hizo mbili huwa ni wale wanaofaidika nazo zikichanganyika. Cherehani alipewa na mtu asiyedaiwa naye kitu. Aliyedaiwa hakutoa hata msumari.

Harusi ya binti wa shangazi ilifanyika Kisarawe, upande wa bwana. Dada alishona mpaka vidole vikavimba, na nguo zilipendeza. Ilipofika zamu ya sinia, wanawake wamejaa ukumbi wa makuti, vigelegele vimeshaanza, mama mmoja mzee wa upande wetu akauliza kwa sauti, "Na kidani cha ukoo kiko wapi? Mbona hakitajwi?"

Niliona dada akivuta pumzi ili aseme. Mama alimtangulia.

"Kiko nyumbani," alisema mama. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulimsikia. "Ni shaba. Nilipeleka dhahabu, nikarudishiwa shaba, kwa sababu niliambiwa nigeuke nikageuka."

Akamtaja sonara.

Vigelegele vilikatika. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kwa hiyo niliwaona wote kwa pamoja: mikono ikipanda polepole, mmoja baada ya mwingine, kwenye masikio, kwenye shingo, kwenye vipini vya pua, kila mwanamke akishika alicho nacho.